Siku ya Kuvushwa

Jina la mtaa wetu ni amri. Witeithie, kwa Kikuyu, ni "jisaidie", na watu wa hapa wameitii. Kabla jua halijachomoza, muuza maziwa ameshafunga mitungi yake kwenye bodaboda, watu wa mjengo wamesimama kando ya Thika Road wakingoja gari la Ruiru, na mama mboga anakata sukuma kwa mwanga wa simu. Kwa miaka yote niliyohubiri hapa sijalazimika kumkemea mtu kwa uvivu. Kinachonishinda ni kuwafanya watu waketi.

Kwa hivyo akina mama wa Ushirika mlinifurahisha mlipoamua mwezi uliopita kwamba pesa za chama zisinunue sufuria nyingine, bali twende kwenye maporomoko ya Fourteen Falls. (Najua kura haikuwa ya wote. Najua pia ni nani bado anazililia sufuria.) Aliyegeuza kikao ni shosho wetu wa kiti cha mbele, tena kwa sentensi moja: "Mimi sijawahi kwenda mtoni bila mtungi."

Wengi wetu tuko hivyo. Ndarugu tunaouvuka tukienda Juja tumeujua kwa kuchota, kufua, kunywesha ng'ombe na kumwagilia nduma. Kustarehe majini kulikuwa kwa watu wengine. Hoteli ya Blue Posts pale Thika ilianza mwaka wa 1908, wazungu wapate pa kulala wakisikia maporomoko ya Chania. Mwaka uliofuata Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikuwa mgeni wa McMillan, mwenye shamba la Juja Farm, akiwinda. Waafrika hawakukosa kwenye safari zile. Walikuwa chini ya mizigo.

Basi tukapanda matatu ya abiria 14, na makanga hakuuacha mzaha wake wa maporomoko 14 hadi tulipofika Thika. Tukashika barabara ya Garissa, mananasi yakatanda hadi macho yakachoka. Njiani niliwaeleza jambo ambalo hunishangaza kila nikilifikiria. Ndarugu huingia Athi, na Athi huko chini huitwa Galana, kisha Sabaki, ukamwagika baharini kaskazini mwa Malindi. Chania, ambao uko mwendo mfupi tu kutoka kwetu, huingia mto Thika, Thika ukaingia Tana, na Tana ukaishia Kipini. Matone mawili ya mvua moja, yakiangukia mashamba yasiyo mbali, yanaweza kuagana hapa yasionane tena hadi Bahari ya Hindi. Nilidhani hilo lingewagusa. Mliuliza kama kule tunakokwenda kuna choo.

Maporomoko yenyewe ni mapana kuliko yalivyo marefu. Athi unafika ukiwa mmoja, unakutana na mawe, unagawanyika vijito vijito, kila kimoja kikidondokea mahali pake, kisha chini unaungana tena kana kwamba hapakuwa na ugomvi. Povu ni jingi, na si la kusifia. Mto Nairobi huingia Athi huko juu ukiwa na majitaka ya jiji, na siku nyingine harufu hukufikia kabla ya mngurumo. Hata hivyo korongo alikuwa amesimama kwenye jiwe, mguu mmoja ameukunja, na mdiria alipiga mbizi mara tatu mbele yetu akatoka na kitu mara moja tu. Mwenye mashua alituambia viboko wapo, ila leo hatutawaona. Hatukuwaona.

Mashua ilichukua sita sita. Shosho aliketi katikati, jaketi la kuelea limemfika masikioni, mkoba mapajani. Kasia la kwanza lilipozama, akaanza kutafuta la kufanya. Alishika ubao wa pembeni. Akauachia, akaupanga mkoba upya. Kisha akaona maji kidogo yaliyotuama chini ya miguu yetu, na kopo la plastiki lililokatwa likielea humo. Akainama, akaanza kuchota.

"Shosho, wacha," kijana akamwambia, bila kusimamisha kasia. "Hiyo ni kazi yangu. Wewe kaa."

Akalirudisha kopo polepole, kama mtu aliyenyang'anywa kitu.

Nilikuwa nimeketi mbele yake, na Marko sura ya 6 ikanijia. Mitume wamerudi kutoka kazini wakiwa na mengi ya kusimulia, watu wanaingia na kutoka, hata nafasi ya kula hawana. Yesu anawaita waende faraghani wapumzike kidogo, wanapanda mashua. Lakini umati umewaona. Unazunguka ufuo mbio kwa miguu na kuwatangulia, na wakishuka tu, kazi inawangoja palepale, jioni kuna watu elfu 5 wa kulishwa. Nimeihubiri sura hiyo mara nyingi nikiharakia mikate na samaki. Sikuwahi kuona kwamba mapumziko yale Bwana aliyowaahidi waliyapata, na yote yalikuwa ndani ya mashua. Kule walikokuwa wakienda hayakuwepo. Tena Petro na Andrea, na wana wa Zebedayo, wao ni watu wa makasia. Mathayo alitoka kwenye meza ya ushuru. Sidhani yeye aliguswa na kazi yoyote safari ile. Aliketi, akavushwa.

Sisi watu wa Jisaidie tuna ukali fulani kwa wanaovushwa. Yule mgonjwa wa Bethzatha, aliyeugua miaka 38, yuko kando ya birika akisema hana mtu wa kumtia majini, mimi mwenyewe nimewahi kumsema hapa madhabahuni: kwa nini hakujiburuta? Nadhani siku ile nilimwonea. Bwana hakumuuliza hilo.

Vijana, msichukue tafakari hii kuwa ruhusa ya kwenda kuogelea kwenye mashimo ya machimbo. Maji yale yametulia kwa juu, chini hayana mwisho wa kukanyaga, na nimesimama kaburini kwa ajili yake zaidi ya mara moja. Mkitaka maji, tafuteni mwenye mashua na jaketi, au mtu wa kuwafundisha kuogelea. Ushirika ukitaka kulipia hilo badala ya sufuria, sitapinga.

Ng'ambo hapakuwa na kitu ila mawe na tumbili mmoja aliyeutazama mkoba wa shosho zaidi kuliko alivyotutazama sisi. Tulikaa kidogo, tukarudi. Safari hii kopo lilielea kando ya kiatu chake, hakuligusa. Katikati ya mto alitumbukiza mkono majini na kuuacha ukokotwe, vidole vikichora mifereji midogo iliyofutika nyuma yetu. Tulipokaribia ukingo akautoa, akaunusa, akaufuta kwenye leso.

"Yananuka," akasema. Kisha akamgeukia kijana. "Tuzungushe tena."