Kumcheka mtu wa Nangwa: Ni mzaha au ni dhulma?

Julai 2023 nilipata safari ambayo sikuitarajia. Rafiki yangu ambaye tunaswali naye msikiti mmoja hapa Kariakoo alinialika nimsindikize kwao Nangwa, wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, akawasalimie wazazi wake. Baba yake ni Mrangi aliyetoka Kondoa zamani kwenda kufanya biashara huko, akafanya makazi na kubaki. Mimi ni mtu niliyezaliwa na kukulia Ilala. Mlima ninaoujua ni vile vilima vya Pugu, na ng'ombe nimemzoea akiwa amekwisha tundikwa buchani.

Tulipanda basi Mbezi alfajiri, tukapita Morogoro na Dodoma, tukashika barabara ya lami ya Kondoa hadi Babati tukalala hapo. Kesho yake tukaingia Nangwa, upande mmoja wa mlima Hanang, mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400 unaosimama peke yake kama mtu aliyegombana na wenzake.

Ndugu msomaji, nilikaa huko siku tano na nikarudi na gunia la vituko. Usiku wa kwanza baada ya kurejea, tulipotoka kuswali Isha, nilikaa barazani kwenye kahawa nikalifungua gunia lile mbele ya jamaa zangu.

Niliwasimulia habari ya "hapo tu". Kule ukiuliza kwa fulani ni wapi, unaambiwa "ni hapo tu", na kidevu kinaelekezwa upande wa mlima. Tuliitembea "hapo tu" hiyo kwa saa moja na nusu. Nilipoketi kwenye jiwe nikauliza tena, nikajibiwa kwa upole uleule kuwa sasa ni hapo tu.

Kisha nikawasimulia habari ya mzee mmoja wa Kibarabaig, jirani wa wenyeji wetu. Jioni ng'ombe wake wanaporudi, yeye husimama mlangoni mwa zizi akiwaita mmoja mmoja kwa jina, na kila anayeitwa hujitokeza. Niliwahesabu, walipita thelathini. Kumbe nyuma yangu alikuwa amesimama mjukuu wake. Mzee alipotaka kumtuma maji akamwita kwa jina la kaka yake, akajirekebisha akamwita kwa jina la binamu yake, hatimaye akasema, "Wewe!" Hapo baraza zima likaangua kicheko. Nami nilipoona soko limechangamka nikazidisha bidhaa. Nikaanza kuigiza Kiswahili cha yule mzee, kilivyokuwa kikijikwaa kwenye "huyu" na "hiki", na nilivyoiga mkao wake wa kuegemea fimbo kwa mguu mmoja, mtu mmoja alimwaga kahawa.

Pembeni yetu, kwenye kigoda mlangoni mwa duka, alikuwepo mlinzi wa usiku wa mtaa ule. Wengine humwita Masai, wengine humwita Mang'ati. Alikuwa ametulia, anatabasamu. Nilidhani naye anafurahi.

Sasa hebu tujiulize. Je, nilikosea? Maana yote niliyoyasema yalikuwa kweli, sikuongeza chumvi hata punje. Na dini yetu si dini ya watu walionuna. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki katika karne ya tisa, aliandika kitabu kizima cha visa vya mabahili. Ibnul Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1201, alikuwa mwanachuoni na mtoa mawaidha mkubwa, na pamoja na hayo alikusanya habari za wapumbavu na watu wasio na habari. Kwa hiyo kucheka na kuchekesha peke yake si dhambi.

Lakini tunajua pia kwamba ule utetezi wa "nimesema kweli" hautufai kitu. Mtume (s.a.w.) alikwisha bainisha kwamba kumtaja ndugu yako kwa jambo asilolipenda, hali ya kuwa ni kweli analo, hiyo ndiyo ghiba yenyewe; kama si kweli basi umevuka ghiba umefika kwenye uzushi. Na Imam Ghazali, katika mlango wa maafa ya ulimi, anahesabu kuwa hata kumuigiza mtu anavyotembea ni ghiba, bali ni kali zaidi kuliko maneno. Mimi niliigiza fimbo na mguu.

Kipimo ambacho wengi wetu tunakitumia ni hiki: je, ungeweza kuyasema hayo mwenyewe akiwepo? Nilijipima kwa kipimo hicho nikajiona nimefaulu. Kwani yule mzee si nilicheka mbele yake alipomkosea jina mjukuu, na yeye akacheka? Basi nikalala usingizi mwema.

Kipimo kile kilivunjika tarehe 3 Desemba mwaka uleule.

Msomaji atakumbuka ile Jumapili. Alfajiri, baada ya mvua kubwa, sehemu ya mlima Hanang iliporomoka, ikashuka tope, mawe na magogo juu ya mji wa Katesh na vijiji kama Gendabi. Watu zaidi ya themanini walifariki, wengine wakiwa bado wamelala. Siku ile mchana nilimpigia rafiki yangu, akanijulisha kuwa wazazi wake Nangwa ni wazima, tope halikwenda upande wao. Nikamshukuru Mwenyezi Mungu.

Usiku barazani habari ikawa ni hiyo. Mmoja wetu, wala si mtu mbaya, akanigeukia akaniuliza, "Na yule mzee wako wa ng'ombe thelathini, kaanza kumuokoa ng'ombe au mjukuu?" Watu wakacheka, si sana, kicheko cha mazoea.

Yule mlinzi akainuka kwenye kigoda chake. Akasema, "Kwetu ni Gendabi. Tangu asubuhi napiga simu, haipatikani."

Nakwambia, ndugu yangu, kimya kilichofuata sijapata kukisikia tena. Mtu yule alikuwa amelinda mtaa wetu kwa miaka sita. Alikuwa amekaa palepale mwezi wa Julai nilipokuwa nikiuza Kiswahili cha wazee wake kwa bei ya kikombe cha kahawa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza kwao ni wapi. Hakuna aliyelijua jina lake. Jina hilo la Mang'ati, kwa taarifa ya msomaji, Wabarabaig hawakujipa wenyewe. Walipewa na Wamasai, na maana yake ni adui. Kwa hiyo kila usiku tulikuwa tukimwita adui mtu tuliyemkabidhi mali zetu na milango yetu. Na wale waliomwita Masai walikuwa wakimwita kwa jina la hao hao waliomwita adui. Aya ya 11 ya Suratul Hujurat inakataza kudharauliana na kuitana majina ya kejeli kwa pamoja, katika aya moja, na mimi siku ile nilielewa kwa nini mambo hayo mawili yamewekwa karibu karibu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee wa Nangwa kwa sura nyingine. Mzee yule alikosea jina la mjukuu mmoja kati ya wajukuu wengi, akayajua majina ya viumbe wote wanaolala katika boma lake. Mimi ninayemcheka sikulijua jina la mtu anayekesha ili nilale. Ni nani hapo aliyestahili kuchekwa?

Na Kiswahili chake je? Mzee yule nyumbani anazungumza Kidatoga, sokoni na majirani zake wengi anazungumza Kiiraqw, na wageni kama mimi anatuzungumzisha Kiswahili. Hizi si lahaja tatu za lugha moja. Wataalamu wa lugha wanaziweka katika koo tatu tofauti kabisa: ya kwanza ni ya Kiniloti, ya pili ni ya Kikushi, ya tatu ni ya Kibantu. Ni kama mtu ajue Kiarabu, Kichina na Kiingereza bila kukanyaga darasa. Mimi mwenye lugha moja na nusu nilikwenda nikacheka lugha yake ya tatu.

Lakini kosa langu kubwa zaidi ya yote ni lile nililolificha, na leo nalisema. Kule Nangwa na mimi nilichekwa, tena sana. Nilikwenda na viatu vya wazi na shati la mikono mifupi katikati ya Julai, na baridi ya kule usiku si ya mchezo. Nililala nimevaa nguo zangu zote pamoja na taulo, asubuhi nikatoka nje kama robota la mitumba. Ng'ombe mmoja alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, nikakimbia nikaacha kiatu kimoja. Akaja mtoto wa miaka minane akamfukuza ng'ombe kwa bua la mahindi na kuniletea kiatu changu kwa adabu, kwa mikono miwili. Na yule mzee aliponiuliza majina ya majirani zangu wa ghorofani, nikaweza kutaja wawili tu. Akacheka mpaka akajishika ubavu, akasema, "Nyinyi mnakaa kama nyuki, mzinga mmoja, lakini asali kila mtu na yake."

Hayo yote sikuyasimulia barazani. Nilichukua vituko vyao, vyangu nikaviacha Nangwa.

Basi naona dhulma haikuwa katika kicheko. Ilikuwa katika ile hesabu niliyoipunguza. Kule zizini tulikuwa tukichekana, leo yeye kesho mimi, na hakuna aliyeumia. Nilipofika Dar es Salaam nikayafanya mambo hayo kuwa ya upande mmoja. Kwa hiyo kile kipimo cha "mwenyewe akiwepo" hakitoshi. Mnyonge akiwepo hucheka pia, kwa heshima ya mgeni au kwa kuchunga kibarua chake, kama alivyotabasamu yule mlinzi. Kipimo kilicho sawa ni kuuliza: je, naye ana zamu? Anaweza kunicheka mbele ya watu walewale, na nikabaki nimeketi?

Wazee wetu walilijua jambo hili kabla yetu. Utani wa makabila, kama ule wa Wangoni na Wanyamwezi, haukuwa ruhusa ya kudharau. Mtani alikutupia maneno na wewe ukamrudishia, hakuna aliyepeleka kesi. Lakini siku ya msiba mtani huyohuyo alikuwa na wajibu wa kuja kushika kazi za mazishi. Yaani haki ya kukucheka aliilipia kaburini. Sisi wa mjini tumeichukua nusu ya utani iliyo tamu, ile nusu yenye jembe tumewaachia wengine.

Msomaji anaweza kusema: mbona unalikuza jambo, kwani porojo zako ndizo zilizoporomosha mlima? Hapana, hazikuporomosha. Lakini mtu anayejulikana kwa vichekesho tu ni rahisi kutoulizwa lolote. Upande wa pili wa mlima huohuo, uwanda wa Basotu, kuanzia miaka ya 1970 shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba makubwa ya ngano ya takriban ekari laki moja, ili watu wa miji kama sisi tupate mkate. Ardhi ile Wabarabaig walikuwa wakichungia na kuzikia wafu wao. Watu wa Mulbadaw walikwenda mahakamani wakashinda, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi wao, mojawapo ya hoja ikiwa kwamba hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria. Mbarabaig, chini ya mlima Hanang, atoe ushahidi kuwa ni mwenyeji! Sisi huku mjini katika miaka ile tulikula mkate, na habari tuliyokuwa nayo ya watu hao ilikuwa ni vichekesho vya mashuka na fimbo. Sisemi kicheko ndicho kilichochukua ardhi. Nasema kilitusaidia tusiulize.

Baada ya siku mbili mlinzi wetu alipata habari. Mama yake yu hai. Shamba limefunikwa, mifugo imekwenda, na majirani aliokua nao wamezikwa. Baraza lilichanga, nami nikatoa. Lakini nilipokuwa nikitoa nilijua moyoni kwamba fedha ile haikuwa sadaka yote. Sehemu yake ilikuwa deni.

Aliporejea kutoka kwao nilimfuata pale kigodani kumtaka radhi. Aliniangalia, akaniambia hana kinyongo, ila ana ombi moja: kwamba nikisimulia tena habari za Hanang nisimulie na ile ya kiatu. Nikashtuka, ameijuaje? Kumbe alipokwenda kwao alipita Nangwa, na kule, ndugu msomaji, mimi ni mtu mashuhuri. Watoto wanaigiza nilivyokimbia.

Usiku ule alisimama katikati ya baraza, akaegemea fimbo yake, akawasimulia jamaa zangu kiatu, taulo na lile bua la mahindi. Walicheka kuliko mwezi wa Julai. Nilibaki nimeketi. Kisha nikamnunulia kahawa na kumwita kwa jina lake, ambalo silitaji hapa gazetini kwa kuwa si langu kulitangaza, lakini nalijua.