Barua Ndogo

Kibarua ni barua ndogo. Katika miji ya pwani ya karne ya 19, mtu aliyefanya kazi ya siku, na mara nyingi huyo alikuwa mtumwa aliyekodishwa na bwana wake, alipewa kikaratasi cha kuthibitisha kazi yake, kisha akakirudisha ili alipwe. Jina likaanza kuhama. Lilitoka kwenye karatasi likaingia kwenye kazi, likatoka kwenye kazi likamkalia mtu. Leo mtu wa Karatina akisema kibarua chake kimeota nyasi, hana barua yoyote akilini. Lakini Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuona jambo ambalo wasomi wa Ulaya walikuja kuliandikia vitabu vizima: kwamba karatasi inayomtaja mtu inaweza kuchukua nafasi ya mtu.

Msomi mkuu wa jambo hilo alikuwa Mjerumani Max Weber, aliyefariki mwaka 1920. Yeye alisema jamii ya kisasa inaendeshwa kwa hesabu: sheria iliyoandikwa badala ya mazoea, cheo badala ya mwenye cheo, faili badala ya kumbukumbu, na karani anayehudumia kila mtu bila hasira wala upendeleo. Aliustahi ufanisi wa mpango huo, na pia aliuogopa. Aliwaona watu wakijifungia katika nyumba ngumu kama chuma waliyoijenga kwa mikono yao wenyewe.

Wenyewe? Huko Nyeri, Kenya, nyumba hiyo ililetwa ikiwa tayari imejengwa, na komeo lilikuwa nje.

Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alitakiwa kutembea na karatasi yenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri, mshahara, siku aliyoanza kazi na siku aliyoachishwa. Karatasi ilitiwa ndani ya kikopo cha chuma, kikopo kikaning'inizwa shingoni. Mwajiri asipotia sahihi ya kumwachilia, aliyeondoka alihesabiwa mtoro. Mwanasiasa Harry Thuku alipokamatwa mwaka 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa mambo aliyokuwa akiyapinga, na watu waliokwenda kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe walimiminiwa risasi.

Wakikuyu walikiita kikopo hicho mbugi, yaani njuga ya mbuzi. Sidhani Weber angeweza kulieleza jambo hili vizuri zaidi. Njuga haina habari yoyote kwa mbuzi. Inalia shingoni mwake, lakini anayeisikia na kuielewa ni mchungaji. Wengi waliovaa kipande hawakuweza kusoma kilichoandikwa ndani yake. Walibeba maelezo yao wenyewe kama mtu anayebeba barua ya kumshtaki bila kujua.

Hapo ni rahisi kuanza kulilia zamani. Kulikuwa na ngwatio, mtu asema: majirani walilima shamba la huyu leo na la yule kesho, mwenye shamba akapika, deni halikuandikwa popote. Ni kweli, na lilikuwa jambo zuri. Ila deni lisiloandikwa halikuwa deni lisilohesabiwa. Kila kijiji kilijua nani alichelewa kufika shambani na kuwahi chungu. Na muhoi, aliyelima kwenye ardhi ya ukoo mwingine kwa ruhusa tu, angemdai nani, kwa ushahidi gani? Kumbukumbu ya kijiji ina masikio makubwa kwa wenye sauti. Mnyonge akipata mahali pa kuandikisha neno lake, mara nyingi hupakimbilia.

Ndiyo maana kisa kinachonishughulisha zaidi kuhusu daftari hakikutokea ofisini. Kilitokea msituni.

Agosti 1953, katika mkutano wa Mwathe kwenye milima ya Nyandarua, wapiganaji wa Mau Mau, waliokuwa wakipinga ukoloni, waliunda baraza la ulinzi na kuyapa majeshi yao majina na mipaka. Dedan Kimathi wa Tetu, aliyewahi kuwa mwalimu na karani, alitaka vita viandikwe: majina ya wapiganaji, vyeo, mapigano, mali iliyopatikana. Karari Njama, mwalimu kutoka Mahiga, akawa mwandishi wake. Hebu fikiria watu waliokimbia njuga ya shingoni wamejificha kwenye mianzi, mvua inanyesha, ndege za kivita zinapita juu, nao wanapiga mistari kwenye daftari. Mtu wa haraka angesema wakoloni walikuwa wamewateka hata akili. Mimi naona kinyume. Kwao daftari lilikuwa dai: kwamba wao ni dola inayojihesabu, na kwamba siku moja kwa hesabu hiyo itadaiwa fidia ya ardhi na ya damu.

Lakini kalamu, hata msituni, huwa ya mtu fulani. Stanley Mathenge, mpiganaji wa Nyeri mwenye wafuasi wengi, hakuwa msomi. Kufikia mwaka 1955 baadhi ya viongozi wasiosoma walikuwa wamejikusanya pamoja naye katika kundi la Kenya Riigi, wakiwalaumu wasomi wa Bunge la Kenya, chombo cha Kimathi, kwa majivuno na kwa kujipa vyeo. Riigi ni mlango wa nyumba ya Kikuyu. Nalipenda jina hilo, kwa sababu lawama yenyewe ilikuwa ya mlango: sisi tuliopigana tumebaki nje ya kitabu. Habari za ugomvi huo tunazipata zaidi kwa Njama, katika kitabu alichokitoa na Donald Barnett mwaka 1966. Yaani tunazipata kwa karani. Mathenge alitoweka bila kuacha daftari, na mwaka 2003 mzee mmoja aliletwa Nairobi kutoka Ethiopia, akapokewa kwa heshima kubwa kama Mathenge, mpaka vipimo vya vinasaba vikaonyesha siye.

Kwa hiyo swali la Weber, kama hesabu itatufunga au haitatufunga, halinitoshi. Mimi nauliza: anayehesabiwa anaweza kuisoma hesabu, na akiisoma anaweza kuikosoa?

Kimathi alinyongwa Februari 1957. Mwaka huohuo kiwanda cha chai cha Ragati, karibu na Karatina, kilianza kazi, cha kwanza nchini kwa ajili ya wakulima wadogo. Leo Nyeri ina Chinga, Iriaini, Gathuthi na Gitugi pia. Mkulima ana namba yake. Anafikisha majani kituoni, karani anapima, karatasi inatoka. Ugomvi wa nusu kilo ni wa zamani kama chai yenyewe, na mizani ya kielektroniki imeupunguza kwa sababu tarakimu wanaiona wote wawili. Sasa ugomvi umehamia kwenye bonasi ya mwaka. Shirika la serikali la chai ya wakulima wadogo, lililoundwa mwaka 1964, liligeuzwa kampuni mwaka 2000, na kwa maandishi viwanda ni vya wakulima. Lakini bonasi huanzia kwenye mnada wa Mombasa, kwa dola, ikapita kwenye gharama za kiwanda, ada za usimamizi, mikopo na thamani ya shilingi, ndipo ikafika Othaya, Nyeri, ikiwa tarakimu moja kwa kila kilo. Mkulima anaijua kilo yake hadi desimali. Safari ya bei hajui. Njuga imekuwa ya kisasa, na bado inasikika vizuri zaidi kwa mchungaji.

Na huyo ni mkulima, mwenye namba. Katika mashamba mengi anayechuma si mwenye shamba. Ni mwanamke aliyeingia chaini umande haujakauka, aproni ya plastiki kiunoni, anachagua majani mawili na kichipukizi, vidole vimepakwa weusi wa utomvu usiotoka kwa sabuni. Analipwa kwa kilo. Mzigo wake ukipimwa kituoni, karatasi inayotoka ina namba ya mwenye shamba na kilo alizochuma yeye, na jina lake halimo. Kiswahili bado kinamwita kibarua, naye barua hana. Baadhi yao, jioni, kabla ya kunawa, hutoa daftari la mtoto la hesabu na kuandika kwenye ukurasa wa nyuma: tarehe, shamba, kilo.