Upanga na Ala Yake



Kijana mmoja niliyemfundisha zamani mafundisho ya kipaimara, ambaye sasa anakaa Marekani pamoja na mke wake na watoto wawili, ameniandikia barua. Kazi yake ni ya usiku, na njia yake ya kurudi nyumbani si njema. Amenunua bastola kwa haki, kama sheria ya mahali pale inavyomruhusu, naye ataka kuichukua kiunoni chini ya nguo, watu wasiione. Swali lake lilikuwa dogo. Ameonyeshwa ala mbili za kuitilia bastola hiyo. Moja ni laini na nyepesi, ya pili ni ngumu nayo yamwuma ubavuni. Je, achague ya raha au ya salama? Na mwisho wa barua ameongeza neno, kana kwamba ni la kupita tu: ataka ile atakayoivaa hata asahau kwamba anayo.

Nilipoisoma nilicheka kidogo, maana mimi kazi yangu ni Neno, wala si bastola. Lakini neno lile la mwisho liliniondolea usingizi. Basi nimemwomba ruhusa nimjibu hapa mbele yenu, kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wenu mna watoto na ndugu waliokwenda nchi za mbali, nao watawauliza maneno kama haya. Pili, hata asiye na bastola ana kitu anachokificha nguoni kwa ajili ya adui yake. Na swali la ala ni swali letu sote.

Kwanza imetupasa kuijua desturi ya nchi ile, tusihukumu tusilolijua. Kwetu Tanzania hakuna awezaye kuwa na bastola ila kwa kibali cha serikali. Kule Marekani haki ya kuwa na silaha imeandikwa katika katiba tangu mwaka 1791, na mwaka 2022 Mahakama yao Kuu iliamua kwamba haki hiyo haikomi mlangoni pa nyumba, bali humfuata mtu hata njiani. Katika majimbo 50 ya nchi hiyo, zaidi ya nusu humruhusu mtu mzima asiyekatazwa na sheria kuichukua bastola kwa siri, hata bila cheti. Basi kijana wetu si mvunja sheria. Lakini sheria ya nchi hufungua mlango tu. Haimwambii mtu kwamba ni vema aingie. Hilo huulizwa dhamiri, na dhamiri ya Mkristo huuliza Neno la Mungu.

Neno la Mungu lasemaje? Wako wasemao kwamba Mkristo hana ruhusa ya kugusa silaha kamwe, nao hutuonyesha bustani ya Gethsemane, Petro alipomkata sikio mtumwa wa Kuhani Mkuu. Wako na wengine wasemao kwamba usiku ule ule Bwana alikuwa amewataja wanafunzi habari ya kununua upanga, nao wakamwonyesha panga mbili. Mimi naona yafaa kutazama kwa makini neno ambalo Bwana alimwambia Petro, kama tulisomavyo katika Yohana, sura ya 18. Hakumwambia autupe upanga kijitoni, wala hakumsifu. Alimwambia aurudishe katika ala yake. Bwana wetu mwenyewe, saa ile ya uchungu wake, alikumbuka ala! Upanga una mahali pake, na mahali pake pa kawaida ni ndani.

Mwalimu wetu Martin Luther aliandika mwaka 1523 juu ya utawala wa dunia, akafundisha kwamba Mkristo kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe hautumii upanga, bali huvumilia. Lakini kwa ajili ya jirani yake aonewaye aweza kuuchukua, akiwa katika wito na utaratibu uliowekwa. Tena katika Katekisimo Ndogo, alipoieleza amri ya tano, hakutosheka kusema kwamba tusimdhuru jirani mwilini mwake, bali aliongeza kwamba tumsaidie katika kila haja ya mwili. Basi amri ile ina pande mbili. Baba awaachaye watoto wake wauawe, hali aweza kuzuia, hawezi kusema kwamba ameishika amri ya tano kwa sababu mikono yake haina damu.

Nami sitaki kuficha habari iliyo upande huu. Tarehe 29 Desemba 2019, katika mji wa White Settlement, jimbo la Texas, mtu aliinuka kati ya ibada akatoa bunduki aliyoificha ndani ya koti lake refu, akawaua waabudu wawili. Mshiriki mmoja aliyewekwa kuwalinda wenzake alimpiga risasi moja, na jambo likaisha katika sekunde chache. Watu wengi waliokuwamo walirudi nyumbani hai. Nani kati yetu atamwambia mlinzi yule kwamba amefanya dhambi? Mimi sitathubutu.

Lakini sasa na tuutazame upande wa pili, yaani siri. Silaha ya wazi na silaha ya siri si kitu kimoja. Mmasai huvaa sime yake kiunoni katika ala nyekundu ya ngozi, na kila amwonaye aiona. Mkuki huchomekwa nje mlangoni, na apitaye ajua kwamba ndani mna mtu. Silaha ya namna hii husema kweli. Lakini silaha iliyofichwa hunyamaza. Na anyamazaye aweza kuwa mlinzi, tena aweza kuwa msaliti, wala aliye mbele yake hawezi kupambanua.

Maandiko yatuonyesha jambo hili waziwazi. Ehudi Mbenyamini, aliyekuwa mtu wa shoto, aliufunga upanga wake chini ya nguo katika paja la kuume, akamwendea mfalme Egloni kana kwamba ana neno la siri kwake. Na Yoabu, kama tusomavyo katika 2 Samweli, sura ya 20, alimwendea Amasa na upanga ukiwa alani kiunoni mwake; alipokwenda upanga ukaanguka; akamwuliza hali, akamshika ndevu kwa mkono wa kuume ili ambusu; naye Amasa hakuuangalia upanga uliokuwa mkononi mwa Yoabu. Alikufa katika salamu. Ala ile haikuwa na kosa. Moyo wa aliyeivaa ndio uliokuwa na kosa.

Na mambo hayo hayakuisha zamani za wafalme. Tarehe 17 Juni 2015, katika mji wa Charleston, jimbo la South Carolina, kijana mmoja mzungu aliingia katika kanisa la Emanuel, ambalo ni la Wamethodisti wenye asili ya Afrika. Walimkaribisha, wakampa kiti, akakaa nao karibu saa nzima katika mafundisho ya Biblia, na bastola ikiwa katika mfuko mdogo uliofungwa kiunoni mwake. Walipofumba macho ili kusali, aliitoa. Watu tisa walikufa, na mchungaji wa usharika alikuwa mmoja wao. Nasi Walutheri tuna aibu yetu katika habari hii, kwa maana kijana yule alikuwa mshiriki wa usharika wa Kilutheri. Na wawili katika watumishi waliouawa walikuwa wamesoma katika seminari ya Kilutheri. Kwa hiyo tangu mwaka 2019 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani limeitenga siku hiyo kuwa siku ya kukumbuka na kutubu. Lakini na hili lisisahauliwe: baada ya siku mbili tu, baadhi ya jamaa za wafu walisimama mahakamani wakamwambia mwuaji kwamba wamemsamehe. Hao hawakuwa na silaha ya siri nguoni, ila walikuwa na kitu kilichofichwa ndani zaidi, na saa ilipofika kilionekana.

Sasa nirudi kwenye ala yenyewe, maana kijana wetu aliuliza swali la haki, wala si vema mchungaji akimbie jambo la mwili kwa kujificha katika jambo la roho. Nimewauliza wajuao kazi hiyo, nao wamenieleza hivi. Ala ya bastola ina kazi tatu. Ya kwanza, ifunike kabisa kifyatulio, yaani pale kidole kinapovuta, ili kisiguswe na kitu chochote hata kwa bahati mbaya. Ya pili, iishike bastola isianguke mtu akikimbia au akiinama, na yenyewe ishikwe na mshipi mgumu. Ya tatu, mdomo wake ukae wazi hata bastola ikitolewa, ili kuirudisha kusiwe na hatari. Ala laini inayojikunja huweza kuingia penye kifyatulio wakati wa kurudisha; hata ncha ya shati au kamba ya koti huweza kuingia, na risasi ikatoka. Ndiyo maana wajuao hupenda ngozi nene au plastiki ngumu, nao hufundisha kwamba kuirudisha bastola ni kwa polepole, na kwa macho. Angalieni, ndugu: hatari haiko katika kuitoa peke yake, bali na katika kuirudisha. Petro aliambiwa arudishe. Kurudisha nako kwataka mafunzo.

Hata Martin Luther alikuwa nusura afe kwa silaha yake mwenyewe. Alipokuwa angali mwanafunzi huko Erfurt, alikuwa safarini kwenda kwao, na upanga aliouchukua ulimkata mshipa mkubwa wa damu mguuni. Mwenzake alikimbia mjini kumwita tabibu, naye akalala chali akiubana mguu kwa mkono wake, akimlilia Mariamu. Usiku kidonda kikafunguka tena. Hakukuwa na mwizi njiani, wala adui. Wazee wetu walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Na huzuni iliyo kubwa kupita zote ni ya mwezi wa Desemba mwaka 2014, katika jimbo la Idaho. Mama mmoja aliyekuwa na ruhusa ya kuchukua silaha aliiweka bastola yake katika mkoba uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Akaenda dukani pamoja na watoto. Mwanawe wa miaka miwili, aliyekuwa amekaa katika kigari cha kununulia vitu, alitia mkono mkobani; risasi ikatoka, mama akafa pale pale. Mama huyo hakuwa mtu mwovu, wala hakuvunja sheria. Ni dakika moja tu ya kusahau.

Basi, mwanangu, sasa nakujibu. Umeniuliza juu ya raha na salama kana kwamba ni adui. Naona sivyo. Raha ya mwili ni jambo jema katika kazi hii, kwa maana mtu ambaye ala yamwuma ataivua, na akiivua ataiweka bastola garini au mezani au mkobani, mahali ambapo mwizi au mtoto ataikuta. Kwa hiyo tafuta ala ngumu inayofunika kifyatulio, ila iliyokatwa vema na kukufaa mwilini, na mshipi imara wa kuibeba. Usione vibaya kutoa fedha zaidi kwa ala kuliko ulivyokusudia. Torati ilimwagiza ajengaye nyumba aweke ukingo juu ya dari, mtu asianguke akaleta damu juu ya nyumba ile. Ala ni ukingo wako. Na ufikapo nyumbani, iweke bastola ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, kabla hujawakumbatia watoto.

Lakini raha ya dhamiri, hiyo usiitafute. Ulisema wataka usahau kwamba unayo. Mwanangu, siku utakayosahau, ivue. Mwenye kuchukua mauti ya mtu mwingine ubavuni mwake hana ruhusa ya kusahau. Na akumbuke akigombana na mtu njiani, akubali kushindwa, akitukanwa, apite, akitakiwa fedha yake, aitoe, maana fedha si nafsi. Hata Torati, katika Kutoka, sura ya 22, ilipambanua kati ya mwizi avunjaye nyumba usiku na yule aliyekutwa jua limekwisha kuchomoza. Mwenye silaha imempasa kuwa mpole kuliko asiye nayo, kwa sababu ugomvi mdogo wa wengine kwake waweza kuwa mauti.

Tena jiulize maswali matatu kila ufungapo mshipi. Je, ninaichukua kwa ajili ya hao nilioagizwa kuwatunza, au kwa ajili ya kiburi changu? Je, imenifanya nimtazame kila mtu wa usiku kama adui, hata yule aliyepotea njia anayehitaji msaada? Na je, nikiweza kuipata njia nyingine, kazi nyingine au mtaa mwingine, nitafurahi kuiacha? Kama jibu la tatu si ndiyo, basi bastola haikuchukuliwi nawe tena. Ni yenyewe inayokuchukua.

Nanyi waalimu wa vijiji, msiyaache maneno haya kwa watu wa Marekani tu. Ulimi nao ni upanga, nao Mungu ameutilia ala ya meno na midomo. Wangapi kati yetu wameutoa kwa haraka, na kuurudisha hawakuweza? Waulizeni wanafunzi wenu: silaha yako ni ipi, na ala yake i wapi?

Bwana aliyeliponya sikio la mtumwa yule usiku wa kusalitiwa kwake, alinde nyumba ya kijana wetu na nyumba zetu zote, asubuhi na usiku. Amina.