Nia Njema Peke Yake Haitibu

Wahenga walisema nia njema ni tabibu. Methali hiyo ina ukweli wake, kwani mgonjwa anayepokelewa kwa upole huanza kupata nafuu kabla hajaandikiwa dawa. Lakini ikifikishwa kwenye chumba cha sindano, haina budi kupimwa upya. Tumfikirie daktari mwenye kliniki yake, mcha Mungu na mwenye huruma, asiyetakasa vifaa vyake inavyotakiwa, na ambaye kwa miaka yote hajasikia kwamba amemdhuru mtu. Je, amekosa? Naamini amekosa, na kosa lake lilitimia siku ile ile alipokitumia kifaa kichafu, hata kama hakuna aliyeugua. Viwango vya usalama si makaratasi ya serikali yaliyobandikwa juu ya maadili ya udaktari. Ndiyo maadili yenyewe, yakitendwa mahali ambapo mgonjwa haoni.

Mwishoni mwa mwaka 2014, katika kijiji cha Roka nchini Kambodia, watu walianza kugundulika kuwa na virusi vya UKIMWI, wakiwemo watoto wadogo na wazee wasioweza kudhaniwa kuwa wameambukizwa kwa njia ya kawaida. Waliopatikana walizidi 200. Uchunguzi uliishia kwa tabibu binafsi asiye na leseni aliyekuwa akitumia sindano na mabomba ya sindano zaidi ya mara moja, na mwaka uliofuata mahakama ilimfunga. Jambo la kutisha katika kisa hiki ni kwamba mtu huyo hakuwa adui wa kijiji. Wengi walimpenda na kumwamini, na ndiyo sababu walimpelekea watoto wao. Imani yao ilikuwa ya kweli, lakini haikuua kirusi hata kimoja.

Tazama anachoweza kukiona mgonjwa akiwa kitini: koti jeupe, cheti ukutani, sakafu iliyopigwa deki. Hawezi kuona kama koleo lililo kwenye trei lilikaa ndani ya mashine ya mvuke kwa nyuzi 121 hadi muda wake ukatimia, au lilisuuzwa tu kwa maji yenye dawa. Hawezi kujua kama jokofu la chanjo lilibaki kati ya nyuzi 2 na 8 umeme ulipokatika usiku. Wengi siku hizi hudai sindano ifunguliwe mbele yao, na wanafanya vyema. Ni wachache wanaojua kwamba kubadilisha sindano na kuliacha bomba lile lile bado ni hatari, kwa kuwa damu huweza kurudi ndani ya bomba, na bomba hilo likichomwa kwenye kichupa cha dawa cha wengi, kichupa kizima kimechafuka. Mtu anapoukabidhi mwili wake kwa mwingine katika hali hiyo ya kutoona, ameweka amana. Na amana ya asiyeweza kukagua ni nzito kuliko ya anayeweza.

Atasema mwenye kliniki: mbona hakuna aliyelalamika? Hoja hiyo haina nguvu, kwa sababu homa ya ini aina ya B yaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Aliyeambukizwa leo ataugua akiwa mji mwingine, kwa daktari mwingine, bila kukumbuka jipu alilopasuliwa zamani. Ukimya wa wagonjwa si ushahidi wa usalama. Historia nayo inatuonya. Huko Vienna, mwezi Aprili 1847, takriban asilimia 18 ya kina mama waliojifungua katika wodi ya madaktari walikufa. Daktari Ignaz Semmelweis alipowalazimisha madaktari kunawa kwa maji ya klorini baada ya kushika maiti, vifo vilishuka chini ya asilimia 3 kufikia Juni. Madaktari wale hawakuwa wauaji. Walikuwa wasomi wenye nia njema na mikono michafu, na wengi wao walikasirika kuambiwa hivyo.

Dini zetu zililiona jambo hili mapema. Torati, katika Kumbukumbu sura ya 22, inamwamuru anayejenga nyumba mpya azungushie dari ukingo, asije akabeba hatia ya damu ya atakayeanguka. Amri haingoji mtu aanguke. Katika Uislamu, Hadithi iliyopokewa na Abu Daud inambebesha dhamana ya madhara yule anayetibu watu ilhali hajulikani kuwa na elimu ya tiba. Haimwulizi kwanza kama alikuwa na huruma. Na katika miji ya Kiislamu ya zamani, muhtasibu aliyekagua mizani ya sokoni aliwakagua pia matabibu na wapiga chuku.

Wapo watakaosema uzima na mauti vimo mikononi mwa Mungu. Ni kweli, lakini Mtume Muhammad alimwagiza mwenye ngamia amfunge kwanza ndipo atawakali. Kuita kudra kile kilichosababishwa na uzembe ni kumsingizia Mwenyezi Mungu kazi ya mikono yetu.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama. Katika kliniki binafsi, tabibu mara nyingi ndiye mwajiri na ndiye mnunuzi, hivyo kila pakiti ya glovu inatoka mfukoni mwake. Ukimbana, atapandisha bei au atafunga, na maskini watabaki bila tiba. Tanzania ilijaribu kuukata mzizi huo wa faida: sheria ya 1977 ilipiga marufuku tiba binafsi ya faida, kisha 1991 mlango ukafunguliwa tena. Lakini umiliki wa umma nao si dawa. Tathmini ya ubora kwa nyota iliyoanza nchini humo 2015 katika vituo vya afya na zahanati, vya serikali na vya binafsi, iliacha takriban theluthi moja bila nyota hata moja. Basi nakubali kwamba viwango vipangwe kwa ngazi, na zahanati ya chumba kimoja isidaiwe yanayodaiwa hospitali ya rufaa. Lakini yapo yasiyo na ngazi: maji na sabuni, bomba jipya kwa kila mgonjwa, kifaa kilichotakaswa, na ujasiri wa kumpa rufaa mgonjwa usiyemweza. Asiyeweza kumudu hayo hampunguzii maskini bei. Anamwuzia hatari asiyoijua, na maskini ndiye asiye na fedha za kutibu madhara yake.

Wengine wanahofia kwamba fomu na orodha zitaua dhamiri, daktari abaki akiweka vema kwenye visanduku ili amridhishe mkaguzi. Hofu hiyo ina msingi, na anayetia sahihi kazi isiyofanyika ametoa ushahidi wa uongo. Hata hivyo, orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19, ilipojaribiwa katika hospitali 8 duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, Tanzania, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8 kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa 2009. Wapasuaji hao walikuwa na dhamiri kabla ya orodha. Orodha iliwakumbusha walipochoka, maana dhamiri nayo husahau.

Kwa hiyo muuguzi anayemzuia daktari wake kutumia koleo lisilotakaswa hamvunjii heshima, na mgonjwa anayeuliza vifaa vimetakaswa vipi hakosi adabu. Wote wawili wanamsaidia kutimiza amana aliyoipokea. Na daktari anayekasirishwa na swali hilo ajihoji kwanza: je, anataka kuaminiwa, au anataka kustahili kuaminiwa?