Je, Ajuaye Ndiye Afundishaye?

Kwa utaratibu wa nchi yetu, mwalimu wa darasa la kwanza hupita kwanza chuo cha ualimu. Huko hujifunza namna ya kuandaa somo, namna ya kuuliza swali, na namna ya kumtambua mtoto aliyebaki nyuma. Lakini kijana atakiwaye kufundisha katika chuo kikuu huchaguliwa kwa njia nyingine. Vyuo vya umma vimedai awe na wastani wa alama usiopungua 3.8 kati ya 5 katika shahada yake ya kwanza. Akiwa nao hukabidhiwa darasa, na mara nyingi hakuna aliyemwuliza kama anajua kufundisha. Basi twaleta mbele ya wasomaji wetu swali hili: je, ajuaye ndiye afundishaye? Na kama sivyo, ni nani apaswaye kumsaidia?

Wengine watasema kwamba haya ni mambo ya maprofesa, wala hayamhusu msomaji wetu wa Kileo. Hatukubali. Mzazi wa Kileo, pale tambarareni chini ya milima ya Upare, auzaye mahindi na mbuzi ili binti yake apate nauli na kitanda mjini, anahusika sana. Binti mwenyewe, ikiwa anasoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, anahusika zaidi. Maana tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka deni liishe. Deni hilo halitamwuliza kama alifundishwa vyema au vibaya. Kwa hiyo twasema: alipiaye mafunzo ana haki ya kuyapata, na apokeaye mshahara wa kufundisha ana deni la kufundisha. Kufundisha vizuri si hisani ambayo mhadhiri humfanyia mwanafunzi apatapo nafasi. Ni wajibu wa haki.

Wapare wanao mfano wa jambo hili katika ardhi yao. Huko milimani wazee walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya kijito wakati wa usiku, ili asubuhi yafunguliwe na kushuka kwa mifereji mpaka mashambani. Ndiva ikijaa ni jambo la kushukuru. Lakini mfereji ukiziba kwa matope na majani, shamba hukauka, na huku ndiva imejaa tele. Mkulima mwenye akili hayalaumu mahindi yake kwa kunyauka. Huchukua jembe akaenda kuutazama mfereji. Elimu ya mhadhiri ndiyo maji yale, nao ufundishaji ndio mfereji. Tumepata kusikia habari za mhadhiri ajisifuye kwamba katika somo lake wengi huanguka, kana kwamba maanguko hayo ni ushahidi wa ukuu wa elimu yake. Lakini kiongozi wa njia mlimani hapati sifa kwa wasafiri waliompotea. Upo ugumu wa somo, na huo twauheshimu; upo pia ugumu wa mwalimu, na huo hauna heshima yo yote.

Hapa twajibiwa kwamba mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtu mzima, naye yampasa ajitafutie mwenyewe. Akitafuniwa kila kitu, hatapata meno. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, alipolijadili suala la mwalimu huko Paris katika karne ya 13, alifundisha kwamba mwalimu hamimini elimu katika akili ya mwanafunzi kama mtu amiminavyo maji mtungini. Alimfananisha na mganga: mwili wenyewe ndio unaopona kwa nguvu zake za asili, na mganga huusaidia. Vivyo hivyo akili ya mwanafunzi ndiyo inayofanya kazi, na mwalimu huisaidia. Lakini tuangalie maana ya mfano huu. Mganga hawezi kusema, “Kwa kuwa mwili hujiponya wenyewe, mimi sina haja ya kujua uganga.” Anahitaji kuujua zaidi, maana yampasa aifuate tabia ya mgonjwa aliye mbele yake. Basi anayesema kwamba mwanafunzi lazima ajitahidi, asema kweli. Lakini haijamwondolea mwalimu jitihada yake.

Wala si aibu mwalimu kusaidiwa. Yapata mwaka 400, shemasi mmoja wa Karthago, jina lake Deogratias, alimwandikia Mtakatifu Augustino akilalamika kwamba mafundisho yake kwa wanaoanza imani yalikuwa baridi, hata yeye mwenyewe alichoka kuyasikia. Augustino alikuwa Askofu mwenye kazi nyingi. Hata hivyo hakumkaripia. Alimwandikia kitabu kizima. Alimtia moyo kwamba mara nyingi wasikilizaji hupata faida kuliko msemaji adhaniavyo; alimwonya afundishe kwa furaha; akashauri hata msikilizaji aliyechoka kusimama apewe kiti. Twaona hapa mambo mawili. Deogratias alikuwa na ujasiri wa kusema, “Nina shida.” Naye mkubwa wake alikuwa na upendo wa kumjibu kwa msaada, si kwa adhabu. Yakikosekana mambo haya mawili, hakuna chuo kitakachotengeneza ufundishaji wake. Kinyozi hajinyoi: mhadhiri haoni kisogo chake mwenyewe darasani, wala hatakubali mwenzake akitazame ikiwa anajua kwamba kitakachoonekana kitatumiwa kumnyima cheo.

Kwamba jambo hili lawezekana, ushahidi tunao hapa nchini. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, kilifanya kazi kwa miaka kadhaa pamoja na Chuo Kikuu cha California cha San Francisco kutengeneza ufundishaji wake. Wahitimu waliokwisha kuingia kazini walifuatwa na kuulizwa ni nini walichopungukiwa. Wahadhiri walijifunza namna ya kufundisha na kupima, na baadhi yao wakawa walimu wa walimu wenzao. Mwaka 2011 ilianza mitaala mipya iliyojengwa juu ya yale ambayo mhitimu lazima aweze kuyatenda, si yale tu aliyosikia. Karibu nasi zaidi, huko KCMC Moshi, tangu mwaka 2010 ulikuwako ushirikiano na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, ambao kwa huo wanafunzi walianza kusoma somo kabla, kisha wakalijadili katika vikundi mbele ya mwalimu. Tusidhani kwamba haya ni mambo madogo ya kiufundi. Daktari aliyefundishwa vibaya hatajulikana siku ya mahafali. Atajulikana usiku mmoja wodini, na atakayelipa gharama ni mgonjwa.

Sasa tuseme neno juu ya ushauri. Mwanafunzi atokaye kijijini, ambaye katika ukoo wake hakuna aliyetangulia chuo kikuu, hana ndugu wa kumweleza ni masomo gani achague, au afanye nini akishindwa mtihani wa kwanza. Wenzake wa mjini huuliza nyumbani. Yeye humwuliza mhadhiri, au hamwulizi mtu. Kuuliza si ujinga, lakini mlango uliofungwa humfundisha mtu kutouliza. Mtakatifu John Henry Newman, alipokuwa mwalimu mlezi katika chuo cha Oriel, Oxford, mwishoni mwa miaka ya 1820, alishikilia kwamba kazi ile ni uchungaji wa roho pia; na kwa ajili hiyo mkuu wake akaacha kumpelekea wanafunzi wapya. Alipoteza kazi, lakini hakuipoteza hoja.

Tena uchungaji huu una hatari yake, wala hatuna budi kuitaja. Mwenye kutia alama ana nguvu juu ya maisha ya kijana. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, yaitaja rushwa ya ngono kuwa ni kosa la jinai. Sisi twaongeza kwamba ni usaliti wa amana iliyo takatifu. Binti anayeogopa kuingia peke yake katika ofisi ya msimamizi wake hana mshauri, hata kama jina la mshauri limebandikwa mlangoni.

Lakini tusimtwike mhadhiri mizigo yote. Yuko afundishaye darasa la mamia, mwenye rundo la tasnifu mezani, naye anajua kwamba atapandishwa cheo kwa makala alizoandika kuliko kwa wanafunzi aliowainua. Mtu hufuata kile anachopimiwa. Wakubwa wa vyuo wakitaka ufundishaji bora, na waupe nafasi katika kupandisha vyeo, na wakati katika ratiba ya juma. Mwaka 2021 serikali yetu ilianza mradi mkubwa wa elimu ya juu kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425. Majengo mapya ni mema, lakini jengo halifundishi.

Nasi Wakatoliki tunavyo vyuo vyetu: Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichoanzishwa Mwanza mwaka 1998, na Chuo Kikuu Katoliki cha Mwenge huko Moshi, kilichopata hadhi kamili mwaka 2014. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika hati yake ya mwaka 1990 juu ya vyuo vikuu vya Kikatoliki, aliwataka walimu wazidi kujiendeleza katika kazi yao. Ingefaa vyuo hivi viwe vya kwanza kufanya yale ambayo Wapare huyaita msaragambo. Siku ya kusafisha mfereji kila mtu huja na jembe lake, wala hakuna amchekaye mwenziwe kwa kuwa kipande chake kina matope mengi. Maprofesa na wasaidizi waketi pamoja mara moja kwa mwezi. Mmoja afundishe, wengine wasikilize. Kisha waambiane kweli kwa upole, na mambo hayo yabaki pale pale.

Mtume Yakobo alionya kwamba walimu watahukumiwa kwa ukali kuliko wengine. Onyo hilo latuhusu hata sisi tuandikao na kuhubiri. Kwa hiyo twawaomba wahadhiri wetu: muhula huu, kila mmoja amwite mwenzake mmoja anayemwamini aketi nyuma ya darasa lake. Nanyi wazazi, waulizeni watoto wenu warudipo likizo, si alama tu walizopata, bali pia ni nani aliyewasaidia kuelewa. Na huyo mwalimu mumwombee kwa Mungu.