Kioo cha Binti Zetu



Samweli alipofika Bethlehemu kumtia mafuta mfalme mpya, alimwona Eliabu, mrefu na wa sura nzuri, akadhani ndiye. Mungu akamkataza, akimfundisha ya kuwa jicho la mwanadamu huishia kwenye umbo, bali lake Yeye hufika moyoni (1 Samweli 16). Ikiwa nabii alikosea kwa macho, sisi je?

Twayakumbuka hayo kwa ajili ya binti zetu hapa Lionja. Mmoja wao aliacha kuimba kwaya. Tulipomwuliza, alisema anaona haya kusimama mbele ya watu, kwa kuwa ni mnene tena mweusi mno. Hakuna aliyemfukuza. Alijilinganisha na wasichana wa kwenye simu, akajihukumu mwenyewe.

Yatupasa tujue picha hizo ni nini. Nyingi zimetengenezwa: ngozi imelainishwa, kiuno kimepunguzwa, rangi imeng'arishwa. Hata mwenye picha hafanani nayo aamkapo asubuhi. Huko Nadroga, katika visiwa vya Fiji, mwili ulioshiba ulikuwa heshima. Televisheni ilipoingia mwaka 1995, wachunguzi waliwahoji wasichana wa shule, wasimpate hata mmoja aliyejitapisha ili akonde. Mwaka 1998 waliwahoji tena wasichana wa umri ule ule, na kama 11 katika kila 100 walikiri kufanya hivyo. Miaka 3 ilitosha.

Kwetu sisi mtego mwingine ni mkorogo. Baadhi ya krimu za kuchubua zina zebaki, sumu iharibuyo figo, nayo huweza kumdhuru hata mtoto aliye tumboni.

Wazee watatukumbusha kwamba bibi zetu, Wamwera na Wamakonde, walitoboa mdomo wakavaa ndonya, wakachanja nyuso zao, nao waliumia. Ni kweli, wala hatutaki binti zetu warudi huko. Lakini ndonya iliyokuwa fahari ya bibi, leo mjukuu huishangaa. Uzuri wa simu nao utapita vivyo hivyo. Tena bibi alifundwa na kungwi aliyemjua yeye na mama yake. Leo anayemfunda binti ni mgeni mwenye krimu ya kuuza. Askofu Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi yetu ya Masasi tangu 1926, alitafuta njia ya kuzitia desturi za jando na unyago katika maisha ya Kanisa. Nasi tukumbuke: Kanisa lisipomfundisha binti yeye ni nani, mwingine atamfundisha.

Hata hivyo tusiilaumu simu peke yake. Ni nani kati yetu asiyewahi kumsifu bibi arusi kwa weupe wake? Ni nani aliyemwita mwanawe "kibonge" mbele za wageni, watu wakacheka? Maneno hayo yalifika nyumbani kabla ya simu. Sisi ndio tuliofungua mlango, picha zikaingia. Hapo pana toba yetu.

Basi, baba na mama, msifuni binti kwa kweli yake, kwa bidii yake, kwa huruma yake. Akina mama wa Umoja, kaeni na wasichana wa kipaimara, mwasikilize kabla ya kuwaonya. Aliyetumia mkorogo asichekwe wala asitengwe, apelekwe zahanati.

Nawe binti yetu, paji la uso unalolionea haya ndilo lililotiwa alama ya msalaba siku ya ubatizo wako. Kristo hakungoja uwe mweupe wala mwembamba ndipo akuite wake. Rudi kwaya, nafasi yako ipo.

Tuombe. Ee Mungu, uliyetuumba kwa mfano wako, utusamehe maneno yaliyowajeruhi watoto wetu, utupe macho ya kuwaona kama uwaonavyo wewe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.