Umegusa Nani Leo?

Sisi Wakristo tumezoea kuchunguza dhamiri kwa hesabu. Nimekasirika mara tatu, nimesema uongo mara mbili, nimekosa Misa mara moja. Hesabu si mbaya. Mtakatifu Inyasi wa Loyola mwenyewe alifundisha kuchora mistari ya siku za juma na kutia nukta kila mara mtu aangukapo katika kosa analotaka kuliacha. Nasi seminarini tulitia nukta zetu kwa uaminifu, tukajiona tumejijua. Swali lililotufungua macho hatukulipata kitabuni. Tulilipata hapa Mabalako, mlangoni petu, kinywani mwa muuguzi.

Wote mnakumbuka. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Mangina, katika eneo letu la afya. Ilitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, nayo ilikuwa imeua watu 2,287 katika majimbo ya mashariki. Ugonjwa huo haupeperuki hewani kama mafua. Hupita kwa kugusa damu, matapishi au jasho la mgonjwa, au mwili wa marehemu. Kwa hiyo waganga hawakutosheka kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi. Waliuliza: tangu ulipoanza kuugua, umegusa nani? Kila jina liliandikwa, na mwenye jina alitembelewa siku 21, akapimwa joto. Chanjo ilipewa wao, na hata wale waliokutana nao.

Swali hilo liliwaudhi wengi. Lilifanana na swali la polisi. Na ni nani apendaye kumtaja mama yake, au rafiki aliyekunywa naye chai?

Sasa tuseme lililo letu. Siku zile maneno yalizagaa sokoni kwamba ugonjwa ni biashara, kwamba wageni wanakula fedha kwa vifo vyetu. Jioni moja, baada ya rozari, tuliyarudia maneno hayo mbele ya watu, nusu kwa mzaha. Walicheka, nasi tulifurahi kuchekewa. Usiku ule tulichunguza dhamiri kama kawaida. Tulijiona tumekuwa wavivu kidogo katika sala, basi, tukalala.

Mama mmoja aliyekuwapo alikuwa amemwosha dada yake aliyefariki. Waandishi wa majina walipofika kwake, alikana. Majuma mawili baadaye yeye na mtoto wake walipelekwa kwenye kituo cha matibabu. Mama alirudi peke yake. Tulikwenda kumpa pole, tukasimama mbali bila kupeana mikono, kama ilivyoamriwa. Hakutulaumu. Alisema tu, “Mwalimu, nawe ulisema si ugonjwa wa kweli.”

Je, tungalitia nukta gani kwa kosa lile? Hatukuwa na mstari wake. Hatukuiba, hatukumpiga mtu. Tuliacha neno litoke, likamgusa yule mama, na kutoka kwake likaenda tusikotaka liende. Tena hatuwezi kujua kwa hakika kwamba neno letu ndilo lililomfanya akane. Labda hofu ingalitosha. Mwanzoni jambo hilo lilitufariji. Baadaye tuliona kwamba tulikuwa tunamtafuta mtu wa kubeba mzigo pamoja nasi, na tulikuwa tumemchagua mwenye huzuni kuliko wote.

Tangu hapo tumegeuza desturi yetu ya jioni. Taa ikipunguzwa, hatuanzi na makosa, twaanza na majina. Leo tumekutana na nani? Tulimwachia nini? Mnunuzi wa kakao tuliyebishana naye juu ya mizani, mwanafunzi wa katekisimu tuliyemkatiza neno, mke wetu aliyengoja jibu hata akachoka. Mara nyingi tunakuta wema mdogo pia, nao tunamshukuru Mungu kwa ajili yake. Kazi hii ni ndefu kuliko kuhesabu, na usingizi hutushinda mara nyingine katikati ya orodha.

Kuna majina tunayoyaruka. Tunajua tunayaruka, maana ulimi huenda haraka pale. Juma hili ni jina la jirani tuliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba. Mara nne tumelipita. Jana usiku tulilitamka, na kesho, kabla ya kengele ya kwanza, tutapita kwake.